Mkono Unatuliza, Je, Unaponya Pia?

"Nataka mtu aniambie jambo moja," alisema mchuuzi wa samaki. "Shingo yangu huanza kuuma Jumatatu. Nikichuliwa jioni inakuwa nyepesi, nalala vizuri. Ikifika Ijumaa imerudi pale pale. Sasa, nilitibiwa au nililiwa pesa yangu?"

Swali hilo ndilo lililouzaa mjadala huu. Sauti zinazosemezana hapa zimebuniwa, ila kila moja inasimamia watu wanaopatikana kwa urahisi kati ya Kondele na Dunga, mjini Kisumu, na tafiti wanazozitaja zilifanyika kweli. Yupo mchuuzi mwenyewe, mama anayenunua mbuta na ngege Dunga alfajiri na kuwauza Kibuye. Yupo mwanamke mwenye chumba cha masaji Milimani, aliyejifunza pia tiba ya kraniosakro, ile ya kushika fuvu na mfupa bapa ulio juu ya kifandugu. Yupo mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya umma. Yupo nyamrerwa, mkunga wa jadi kutoka upande wa Asembo, ambaye wote wanamwita Dana kwa heshima ya umri wake. Na yupo kijana wa boda boda aliyewaleta wawili kati yao kisha akazima pikipiki na kuketi kusikiliza.

Anayetaka kuelewa kwa nini masaji ni suala zito Kisumu aanzie kwenye kazi, asianzie hotelini. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa, huvuta nyavu hadi kunapopambazuka. Wanawake huupokea mzigo, huuanika, kisha hushinda wameinama wakigeuza omena juani. Wengine hukaa kwenye kigoda kifupi mbele ya karai la mafuta tangu asubuhi hadi wateja wa chakula cha mchana waishe. Samaki wakishapimwa, karai hupanda kichwani kuelekea barabarani. Mwendesha boda naye hukunja mgongo kutwa nzima, abiria mmoja au wawili nyuma yake, na kila shimo la barabara hulipokea kiunoni.

"Mimi nina miaka ishirini na sita," kijana alisema, "na nikiamka asubuhi nashika ukuta kwanza."

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na hakuna tatizo jingine la mwili linalowalemaza watu wengi kuliko hilo.

Mchuaji hakujibu kwa maneno. Alimkalisha mama juu ya kreti iliyopinduliwa, akamwomba alegeze leso aliyojifunga kichwani, akasugua mafuta ya nazi kati ya viganja mpaka yakapata joto. Dole gumba lilianza chini ya fuvu, pale nywele zinapoishia, likateremka taratibu kuelekea begani. Katikati ya njia likakwama.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Hakukandamiza kwa nguvu. Alingoja mama atoe pumzi, akabonyeza. Mama alipovuta pumzi, akaachilia. Akafanya hivyo mara kadhaa kabla ya kusogea upana wa kidole kimoja. Bega la kulia, ambalo tangu mama afike lilikuwa limepanda karibu na sikio, likashuka lenyewe.

"Nimeitoa sumu iliyoganda hapo," mchuaji akasema, akijifuta mikono.

"Sumu gani, dada?" mtaalamu akauliza.

"Asidi ya misuli. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mtaalamu alitikisa kichwa. Mwaka 2012, alieleza, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, kisha wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine. Wakachukua vipande vidogo vya misuli kutoka miguu yote miwili na kuvipima. Asidi ya laktiki haikupungua hata kidogo kwenye mguu uliochuliwa. Ila dalili za uvimbe ndani ya seli zilipungua, na zile za kujenga vinu vya nguvu vya seli zikaongezeka. "Kwa hiyo mkono wako ulifanya kazi kweli," alisema. "Maelezo yako ndiyo hayakuwa sahihi. Na hao walikuwa vijana 11 tu, tena wazima. Mimi mwenyewe singejenga nyumba juu yake."

"Basi kilichoshusha bega langu ni nini?" mama akauliza, bado amefumba macho.

Hapo mtaalamu alipata nafasi aliyokuwa akiitafuta. Mtoto akijigonga goti, mama yake husugua mahali pale kabla hata ya kutazama kama kuna jeraha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza maelezo ya jambo hilo: habari za maumivu na habari za mguso hukutana ndani ya uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, na mguso unaweza kuzizuia zile za maumivu zisipite zote. Nadharia yao imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kiini chake kimesimama. Baadaye watafiti wa Sweden, Håkan Olausson akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi maalumu za neva zinazopenda kupapaswa polepole, kwa kasi ya kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Nyuzi hizo hazina kazi kubwa ya kueleza kitu kimegusa wapi. Habari zake huelekea sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia, zile zinazomwambia mtu kwamba yuko salama. Msuli uliokuwa umejikaza kwa kujihami hulegea.

"Kwa hiyo nimetibiwa," mama alisema.

"Umetulizwa, na kutulizwa ni jambo la kweli. Lakini kesho karai litapanda tena kichwani."

Mchuaji aliona kazi yake imegeuzwa ndogo, akapinga. Watu wanaodharau kutuliza, alisema, hawajawahi kukosa usingizi kwa wiki tatu. Alikuwa na ushahidi pia. Mwaka 2011, huko Seattle, Daniel Cherkin na wenzake walichapisha utafiti wa watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilipewa masaji ya kustarehesha tu, lingine masaji ya kitaalamu inayolenga tishu fulani, la tatu likaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 10, makundi yote mawili yaliyochuliwa yalikuwa na nafuu zaidi ya lile la tatu, na nafuu hiyo bado ilionekana kwenye mwezi wa sita. Masaji ya kustarehesha haikushindwa na ile ya kitaalamu.

"Na mwezi wa kumi na mbili?" mtaalamu akauliza.

"Ilikuwa imefifia," mchuaji akakubali. "Lakini Daktari, hata vidonge vyako hufifia, tena kwa saa nane."

Hilo lilimgusa kijana wa boda. Yeye humeza diklofenaki karibu kila siku anayoendesha, ananunua dukani bila cheti, na kuna jioni tumbo lake huwaka kama limemwagiwa pilipili. Mtaalamu alimgeukia yeye na kuwaacha wengine kwa muda. Vidonge vya namna hiyo vikimezwa mfululizo hutoboa utando wa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja mazoezi, elimu ya kujitunza na masaji miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo haushauri. "Ukichagua kati ya kidonge cha kila siku na kuchuliwa mara moja kwa wiki pamoja na mazoezi," alimwambia, "mimi nakuelekeza kwenye mikono na mazoezi bila kusita."

Mpaka hapo pande mbili zilikuwa zimekaribiana kuliko zilivyotarajia. Fuvu ndilo lililowatenganisha.

Tiba ya kraniosakro ina historia fupi inayojulikana vizuri. Mwaka 1899 mwanafunzi mmoja wa osteopathia (tiba ya mifupa na misuli kwa mikono) mjini Kirksville, Missouri, William Garner Sutherland, alikuwa akitazama fuvu lililotenganishwa vipande. Akaona jinsi mfupa wa upande wa kichwa ulivyochongwa kingo zake kwa mshazari, na wazo likamjia kwamba umekaa kama mashavu ya samaki, kwa hiyo lazima unasogea, kwa hiyo kichwa kina namna yake ya kupumua. Alilibeba wazo hilo maisha yake yote na mwaka 1939 akalichapisha katika kitabu kidogo. Katika miaka ya 1970 osteopathi mwingine Mmarekani, John Upledger, alisimulia kwamba akiwa msaidizi katika upasuaji wa shingo alishindwa kuutuliza utando mgumu unaofunika uti wa mgongo. Ulikuwa ukisogea kwa mdundo wake. Mwaka 1985 alianzisha taasisi huko Florida iliyoisambaza tiba hii duniani kote, ikiwafundisha hata watu wasio madaktari. Mtabibu hushika kichwa na sehemu ya chini ya mgongo kwa mguso wa takriban gramu 5, uzito wa karatasi moja ya A4, na kusikiliza mdundo unaosemekana kupiga mara 6 hadi 12 kwa dakika.

Mchuaji aliisimulia hadithi ya mashavu kwa mapenzi. Alipomaliza, jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitarajia.

"Shavu la samaki nalijua," mchuuzi wa samaki alisema. Alimnyanyua ngege mmoja kutoka kwenye beseni, akaingiza kidole, akalifunua shavu jekundu. "Hivi ndivyo ninavyojua ni wa leo. Akiwa majini linafunguka na kujifunga kwa sababu maji yanapita na yeye anapumua. Akishakuwa hapa, linafunguka nikilivuta mimi. Umbo lake ni lile lile. Kwamba mfupa umechongwa kama shavu hakuniambii kama unapumua au unavutwa."

Katika mambo yote yaliyosemwa asubuhi hiyo, hilo ndilo lililokata zaidi, na limetoka kwa mtu anayeshika mashavu ya samaki kila siku. Kufanana kwa maumbo kunaweza kumpa mtafiti swali zuri. Jibu lazima litafutwe kwa kupima.

Na watafiti wamepima. Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, na ile ya kichwani imeshikana kwa mishono yenye meno yanayoingiliana, ambayo huzidi kushikamana kadiri umri unavyokwenda. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kama mililita 150 kwa mtu mzima, yanasogea kweli. Picha za mashine za sumaku zinaonyesha yakisukumwa na mapigo ya moyo na pumzi. Kinachokosekana ni mdundo wa tatu, ule wa Sutherland. Mwaka 1994 wataalamu 3 wenye ujuzi wa tiba hii walipewa watu 12 wawapime mdundo huo, kila mmoja kwa wakati wake. Hesabu zao hazikulingana. Kukubaliana kwao hakukupita bahati nasibu.

"Wavuvi watatu wakipima samaki mmoja kwa mizani na kupata kilo mbili, tano na saba," mtaalamu alisema, "utamlaumu samaki?"

Mchuaji hakuyumba. Aliutaja utafiti wa Ujerumani wa Heidemarie Haller na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016: wagonjwa 54 wenye maumivu sugu ya shingo, wiki 8, nusu wakipata kraniosakro na nusu mguso mwepesi wa kuigiza. Waliopata kraniosakro walipata nafuu kubwa zaidi, na nafuu ikaendelea hata miezi mitatu baada ya tiba kwisha. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilikusanya tafiti 10 na kuona faida katika maumivu sugu.

"Na mwaka 2024," mtaalamu alimalizia, "watafiti wengine wakakusanya tafiti 15, wakazichuja kwa ukali zaidi, wakahitimisha kwamba hawaoni faida, kwa maumivu ya misuli na mifupa wala kwa magonjwa mengine."

Mizani, basi, imeelemea upande wa mtaalamu, na haifai kumficha msomaji hilo. Maelezo ya mifupa inayopumua hayajathibitishwa, na nafuu iliyoonekana katika tafiti chache imezidi kupungua kadiri wapimaji walivyozidi kuwa makini. Lakini mchuaji alikuwa na hoja nyingine ambayo takwimu hizo haziifuti. Wapo wateja, alisema, ambao hawawezi kuvumilia kukandwa: mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba, mama aliyejifungua juzi, msichana aliyewahi kushikwa kwa nguvu na ambaye mkono wowote mzito humrudisha huko. Wao huhitaji mkono unaokaa tu. Yeye huwakalia kimya kwa nusu saa, chumba hakina simu, na wengine hulala usingizi wa kwanza baada ya siku nyingi.

"Hilo nakubali," mtaalamu alisema. "Liite jina lake. Liite saa ya utulivu. Usimwambie umempangua mifupa ya kichwa."

Dana alikuwa amenyamaza muda wote huo, akichambua majani mapajani. Alipoanza kusema wengine walisogea, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo.

Alianza na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Zamani, alisema, mtoto wa namna hiyo aliwekwa kifuani pa mama au pa nyanya, akafunikwa, akasuguliwa kwa samli kidogo, akabaki hapo. Wakaja wauguzi wakasema awekwe kwenye kisanduku cha joto. Sasa wauguzi hao hao wanamrudisha kifuani. Mtaalamu alicheka kwa furaha na kuongezea anachokijua: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza watulie, walipungukiwa na vifo vya mwezi wa kwanza kwa robo nzima. Ngozi kwa ngozi, pamoja na maziwa ya mama na joto. Yeyote anayetaka ushahidi kwamba mguso huokoa uhai aanzie hapo.

"Ila mikono hiyo hiyo, Dana, huchua tumbo la mja mzito ili kumgeuza mtoto," mtaalamu alisema kwa adabu, "na hapo mimi na wewe tunagombana."

Dana hakukasirika. Alikiri kwamba aliwahi kugeuza watoto, na mama zake kabla yake. Tangu serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwezi Juni 2013, hazalishi tena nyumbani. Huwasindikiza wajawazito kituoni na kukaa nao. Lakini wanawake bado humwendea kuchuliwa mgongo na nyonga, na wapo wanaomwomba ashike tumbo. Mtaalamu alimweleza hatari yenyewe bila kuzunguka: kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikavuja ndani, mama na mtoto wakapotea kabla gari halijapatikana. Kumgeuza mtoto kwa mikono kunafanyika hospitalini, kukiwa na mashine ya kutazama na chumba cha upasuaji karibu. Mkono una kazi yake baada ya kuzaa pia: damu ikitoka kupita kiasi, muuguzi huusugua mji wa mimba kupitia tumboni ili ujikaze, na hilo ni sehemu ya matibabu yanayopendekezwa.

"Kwa hiyo mmetunyang'anya kazi, mmeichukua nyinyi," Dana alisema.

"Sehemu yake, Dana. Mgongo na nyonga bado ni zako."

Ukanda huu una kumbukumbu nyingine ya mikono na vichwa ambayo haifai kuachwa. Kusini mwa Kisumu, katika nyanda za Gusii, mafundi wa jadi walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu mpaka wakatoa kipande, ili kumtibu mtu aliyeumwa kichwa muda mrefu baada ya kupigwa au kuanguka. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari jijini Nairobi miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandikia, na madaktari wa upasuaji wakaendelea kuieleza hadi miaka ya 1980. Wagonjwa wengi walinusurika, na baadhi walisema kichwa kimepona. Ukiilinganisha na mguso wa gramu 5, ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, lakini yanatoka kwenye imani moja kwamba maumivu ya kichwa yamekaa kwenye mfupa na mfupa ukishughulikiwa yatatoka. Mgonjwa anayesema "nimepona" anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Hawezi kueleza ni nini kilichomponya, kwa kuwa maumivu mengi ya kichwa huisha yenyewe, na mtu aliyehudumiwa kwa makini hupata nafuu hata kama maelezo ya huduma hiyo yamekosewa.

Lakini Kisumu ina sababu ya pekee ya kuogopa kosa la kudhani nafuu ni kupona. Kando ya ziwa malaria ni ya mwaka mzima, na imeenea kuliko karibu popote pengine nchini. Mtu anaweza kuamka na kichwa kinachogonga, shingo nzito na uchovu wa mwili, akadhani ni kazi, akaenda kuchuliwa. Masaji itamtuliza kwa saa mbili, na katika saa hizo vimelea vitaendelea kuzaana. Mtaalamu alisema kwa ukali ambao hakuwa ameuonyesha tangu mwanzo: kichwa chenye homa, au homa yoyote, kipimwe kwanza. Shingo inayokataa kuinamisha kidevu kifuani pamoja na homa ni ya kukimbizwa hospitalini wakati huo huo, iwe mchana au usiku.

Akaendelea na mguu. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa baada ya kujifungua au upasuaji, usichuliwe kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda, na mkono unaweza kuing'oa ikapanda mapafuni. Na kuna selimundu, ugonjwa ulioenea ukanda huu wa ziwa kwa sababu ile ile ya malaria, kwani wenye chembe moja ya urithi huo hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali na wenye mbili huugua. Mtoto wa selimundu anayelia mifupa anaweza kufarijiwa kwa joto na mguso mwepesi kati ya vipindi vya maumivu. Kipindi kikali ni cha hospitali, maji na dawa.

Mchuaji aliandika hayo yote kwenye daftari. Kisha akauliza swali ambalo kila anayefundishwa kraniosakro ya watoto wachanga angepaswa kuuliza: utosi?

"Utosi ni laini kwa sababu mifupa haijakutana," mtaalamu alijibu. "Mara nyingi hufunga kati ya mwaka mmoja na miwili. Ukiuona umebonyea, na mtoto anaharisha au anatapika, hilo si jambo la kushika na kusikiliza mdundo. Mtoto amekaukiwa na maji. Ukiuona umevimba, naye ana homa au analia kilio kisicho cha kawaida, ubongo wake uko hatarini. Yote mawili ni ya dakika, si ya miadi ya wiki ijayo."

Kuhusu sheria walizungumza kidogo, maana hapakuwa na mengi ya kubishania. Wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao tangu 2014, wana baraza na leseni. Sheria ya Afya ya 2017 imetambua tiba za jadi na tiba mbadala na kuahidi utaratibu wa kuzisimamia. Mchuaji alisema shida yake ya kila siku ni nyingine: wanaume wanaobisha mlango wakidhani masaji ni jina la biashara tofauti, na majirani wanaodhani hivyo pia. Amewahi kumfukuza mteja akiwa na kandambili mkononi. Mwanamke anayejifunza kazi hii kwa dhati anastahili kulindwa kama fundi mwingine yeyote, na hadhi yake haitapanda kwa kuahidi miujiza ya mifupa.

Walichobishania kwa muda mrefu ni bei. Saa moja Milimani humaliza faida ya mchuuzi ya siku nzima, na siku mbaya humaliza na mtaji. Kijana wa boda alipendekeza vyama: akina mama wa ufukweni tayari wana vikundi vya kuweka akiba, kwa nini kikundi kisimlipe mchuaji aje Dunga mara moja kwa wiki, watu kumi, dakika kumi na tano kila mmoja, shingo na mgongo tu? Mtaalamu alitaka aongeze dakika tano za mazoezi na mafundisho ya kubeba: mzigo ugawanywe kwenye makarai mawili mepesi, mkokoteni utumike pale barabara inaporuhusu, kigoda cha kukaangia kiinuliwe.

"Kigoda kikiinuliwa, karai la mafuta liko chini," mama alisema.

"Basi na jiko liinuliwe."

"Na wewe utanunua matofali?"

Mchuaji alikubali Dunga na akakubali bei ya kikundi. Alikataa jambo moja: hataacha kraniosakro kwa wateja wake wanaoipenda. Ataandika ukutani kwamba ni huduma ya kutuliza na atalifuta neno kutibu, lakini bei yake haishuki, kwa kuwa nusu saa yake ni nusu saa. Mtaalamu alisema bei ni ya mwenye duka, ukutani ndipo alipokuwa na haja napo.

Dana alifunga majani yake kwenye kitambaa, akamtazama mchuaji.

"Mtoto mwenye utosi uliobonyea akiletwa kwako, nyathina, mwanangu, utampigia nani?"

"Daktari."

"Namba yake unayo?"

Hakuwa nayo. Mtaalamu akaitaja taratibu, mchuaji akaingiza kwenye simu, na kijana wa boda naye akatoa yake akaomba irudiwe, kwa kuwa yeye ndiye huitwa usiku.